Nyumba Imebaki, Jalada Limehama

Ndugu zangu wa Shinyanga walitaka kuongeza choo cha ndani kwenye nyumba aliyoiacha baba mkubwa. Fundi akapigiwa simu, akaja na vijana wake wawili, wakaanza kuchimba mfereji wa bomba uani. Siku ya pili asubuhi sururu ilizama, na kijana aliyeishika akazama nayo hadi kiunoni. Chini ya ua palikuwa na karo la zamani, limefunikwa kwa zege jembamba, na juu ya zege udongo wa miaka mingi. Kijana alitolewa mzima, mguu umeteguka, kazi ikasimama. Wiki tatu baadaye shangazi yetu alifungua sanduku lake la bati, na chini ya vitenge akatoa karatasi ya bluu iliyokunjwa mara nane. Karo lilikuwemo. Limechorwa kama duara, na pembeni yake mtu ameandika kwa mkono: futi kumi na mbili toka ukuta wa jiko.

Tangu siku ile, kila anayeniambia anataka kukarabati nyumba ya zamani namwuliza jambo moja kabla hatujafika kwenye bei ya saruji: ramani iko wapi? Wengi hushangaa. Kwetu ramani ni kitu cha anayejenga. Nyumba ikishasimama, karatasi huonekana imemaliza kazi yake. Kumbe nyumba iliyojengwa 1950 au 1965 imeficha mengi chini ya plasta: ukuta upi umebeba kenchi na upi unagawa vyumba tu, lenta zina nondo au ni mbao, maji machafu yanaelekea wapi, msingi umeshuka futi ngapi. Hilo la msingi, kwa mtu wa Shinyanga, si dogo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Usukuma ni mbuga, ule udongo mweusi unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi kiasi cha kumeza mguu wa ndama. Nyumba iliyowekwa juu yake bila msingi wa kutosha huinuka na kushuka kila mwaka, na nyufa zake hufuata mchezo huo. Ukijua msingi ulichorwa vipi, utajua kama ufa unaoutazama unahitaji plasta au unahitaji mhandisi.

Huku ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita mpaka Kahama, kuna sababu nyingine. Ardhi inatwaliwa, mthamini anapita, fidia inajadiliwa. Mthamini huandika anachokiona. Ramani yenye tarehe na muhuri husaidia kuonyesha ukubwa wa jengo, umri wake na vifaa vilivyotumika, hasa pale ambapo sehemu ya nyumba imeshaanguka. Wako pia wakazi wanaopakana na migodi wanaolalamikia nyufa za kuta zao. Ramani peke yake haithibitishi ufa umetoka wapi, lakini bila kujua nyumba ilijengwaje na ilikuwa na hali gani awali, kila upande unabaki na kauli yake tu.

Kabla ya kutoka nyumbani kutafuta, elewa unachokitafuta. Mtu akifika ofisi ya ardhi akasema “naomba ramani”, anaweza kupewa kitu kingine kabisa akarudi amefurahi. Kuna mchoro wa mipango miji, unaoonyesha mtaa mzima na matumizi ya kila kiwanja. Kuna ramani ya upimaji, inayoonyesha mipaka ya kiwanja chako na mawe yake. Zote mbili ni muhimu, na hakuna hata moja inayoonyesha dirisha. Unayoitaka wewe ni ramani ya jengo: mpangilio wa vyumba, sura ya mbele na ya ubavu, mkato unaoonyesha msingi hadi paa, na ikiwezekana mchoro wa majitaka. Iseme hivyo, kwa maneno hayo.

Anza ndani ya familia. Najua ni ushauri unaosikika mwepesi, lakini huko ndiko karatasi nyingi zilikolala. Omba kuona kila bahasha: ofa ya kiwanja, hati, risiti za kodi ya pango la ardhi, barua za mirathi. Isome hati mpaka masharti ya nyuma, maana masharti ya kawaida ya miliki mijini humtaka mmiliki awasilishe ramani za jengo kwa mamlaka ndani ya miezi 6 na amalize kujenga ndani ya miezi 36. Sharti kama hilo likiwa kwenye hati ya babu yako, una sababu nzuri ya kuamini kwamba ramani iliwahi kupelekwa ofisini, na una tarehe ya kuanzia kuitafuta. Uliza pia kama nyumba ilijengwa kwa mkopo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyofanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi ilipofungwa 1995, haikukopesha mtu kwa maneno matupu. Mkopaji alipeleka ramani na makadirio, na nakala yake alirudi nayo nyumbani. Nimeona karatasi za namna hiyo zikiwa zimetandikwa chini ya godoro.

Halafu jiulize swali ambalo ndilo kiini cha makala hii: wakati nyumba inajengwa, ilikuwa mikononi mwa nani? Karatasi haikuifuata nyumba. Ilimfuata aliyejenga, aliyetoa kibali au aliyetoa fedha, na huyo amebadilika jina na makao mara nyingi. Nyumba imekaa palepale kwa miaka sabini. Jalada lake limehama wilaya, limehama mkoa, pengine limevuka mpaka wa nchi.

Itazame Geita. Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012, ukaundwa kwa vipande vya mikoa mitatu. Wilaya ya Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Bukombe ilitoka Shinyanga, Chato ilitoka Kagera. Kwa hiyo anayetafuta ramani ya nyumba ya 1985 iliyoko Ushirombo, akienda Geita mjini peke yake, ameuliza kwa mtoto habari za kabla hajazaliwa. Aende Shinyanga, tena aulize Kahama, kwa sababu Bukombe nayo ilimegwa kutoka Kahama. Na Kahama yenyewe? Enzi za Mwingereza Kahama ilikuwa Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora, wakati Shinyanga na Geita zilikuwa Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza. Mkoa wa Shinyanga ulikuja 1963. Kishapu, iliko Mwadui yenye mgodi wa almasi, ilikuwa sehemu ya Shinyanga Vijijini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chukua kalamu, andika mwaka wa nyumba yako, kisha andika mbele yake mamlaka iliyokuwepo mwaka huo. Karatasi hiyo moja itakuokolea nauli nyingi.

Kuna mwaka mmoja wa kuuwekea alama nyekundu: 1972. Mwaka huo, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na kazi zake zikahamia kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Halmashauri za miji zilirudi 1978, za wilaya zikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila mara ofisi ilipovunjwa, majalada yalibebwa, yakasukumwa stoo, mengine yakaliwa na mchwa. Ukiambiwa “halmashauri haina kumbukumbu za kabla ya 1978”, usikasirike wala usikate tamaa. Inawezekana kabisa ni kweli, na maana yake ni kwamba unatakiwa kuuliza upande wa mkoa, siyo halmashauri.

Sasa twende kwa aina za nyumba, maana kila aina ina njia yake.

Nyumba zilizokuwa za serikali ndizo zenye bahati kuliko zote. Zile za uzunguni, zenye baraza pana, dari refu na jiko lililojitenga, hazikuchorwa moja moja. Idara ya kazi za umma ya mkoloni ilikuwa na ramani za aina, na aina moja ilijengwa wilaya hadi wilaya. Serikali huru iliendelea na utaratibu huohuo kwa nyumba za watumishi. Faida yake ni kubwa: ramani ya nyumba yako ya Shinyanga ikipotea, ramani ya pacha wake wa Tabora, Musoma au Mwanza inaweza kuwa salama, na ikawa ndiyo hiyohiyo isipokuwa upande uliogeuzwa kufuata barabara. Majengo ya serikali yako chini ya Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ulioanzishwa 2002, na ndipo pia nyumba nyingi zilipoanza kuuzwa kwa watumishi. Kama wewe au mzazi wako mlinunua nyumba wakati huo, fika ofisi ya TBA ya mkoa na mkataba wa mauzo mkononi, ueleze aina ya nyumba, siyo namba ya kiwanja tu. Na usione aibu kumbishia hodi mwenye nyumba pacha. Nimewahi kuingia nyumba ya mgeni, nikapiga shikamoo, nikaeleza shida yangu, nikaonyeshwa chemba ya majitaka mahali ambapo kwetu palikuwa pamejengewa banda la kuku. Tulivunja sakafu ya banda, tukaikuta.

Nyumba za uhindini zina historia yake. Angalia juu ya ukumbi wa mbele: mara nyingi mwaka umechongwa kwenye saruji, na pengine jina la familia. Aprili 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilihamishia serikalini majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akaundwa kuyasimamia. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, ambalo lenyewe lilianza 1962. Kama jengo lako liliwahi kupita mikono hiyo, kumbukumbu zake ziulize NHC, hata kama baadaye lilirudishwa kwa mwenyewe au likauzwa. Usisahau familia iliyojenga. Wengi walihama baada ya 1971, wakaenda Uingereza na Kanada, lakini majirani wa zamani na jumuiya zao za dini huwa wanajua walipo watoto. Andika barua ya heshima, eleza kwanza kwamba hudai wala hudaiwi, kwamba unatafuta ramani na picha tu. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ile anaweza kukukumbusha ngazi iliyozibwa hata kama hana karatasi.

Nyumba za reli pale stesheni zina mkondo wake. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, ikiwa chini ya reli ya Tanganyika. Kuanzia 1948 ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi, na hali ikaendelea hivyo chini ya shirika la reli la Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Kwa hiyo nyumba ya reli iliyojengwa miaka ya 1950 huenda mchoro wake wa awali ulitiwa saini Nairobi. Anza na Shirika la Reli Tanzania, upande wa uhandisi na majengo. Ukikwama, waandikie Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa 1971.

Za migodini zinahitaji uvumilivu zaidi. Mwadui ulikuwa mji wa kampuni tangu John Williamson alipoanza kuchimba almasi 1940: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, vyote vilipangwa na kampuni moja. Williamson alifariki 1958, mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali, na mwaka 2009 mwendeshaji akawa Petra Diamonds. Mgodi ambao haujawahi kuhama una nafasi nzuri ya kutunza michoro yake, na mahali pa kuuliza ni idara ya uhandisi, siyo getini wala ofisi ya uhusiano. Geita ni kinyume chake. Mgodi wa zamani, uliofunguliwa miaka ya 1930, ulifungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza 2000. Katikati pana miaka zaidi ya thelathini ambayo hakuna aliyekuwa akitunza stoo ya michoro. Anayemiliki nyumba ya kambi ile ya zamani asitegemee mgodi mpya kuwa na karatasi za mgodi uliokufa. Njia iliyobaki ni kutafuta ramani za juu ya mgodi, zile zinazoonyesha mitambo, barabara na kambi kwa pamoja, katika kumbukumbu za sekta ya madini. Na kwa mambo ya jiolojia na uchimbaji wa enzi hizo, Dodoma ndiko ilikokuwa ofisi tangu ukoloni. Hutapata vyumba, ila unaweza kupata mahali nyumba ilipokaa na mabomba yalikopita, na hilo ni nusu ya kazi.

Nyumba na maghala ya ushirika wa pamba nayo yamehama mikono: Shirikisho la Victoria la 1955, kisha chama cha Nyanza, kisha vyama vikavunjwa 1976 na mali kwenda mamlaka ya zao, kisha ushirika ukarudi miaka ya 1980 na SHIRECU ikazaliwa kwa mkoa wa Shinyanga. Wamisionari walikuwa watunzaji wazuri kupita wote hao. Nyumba iliyojengwa na wamisionari wa Maryknoll, waliofanya kazi za Kanisa Katoliki Shinyanga, iulizie kwanza ofisi ya jimbo. Ya upande wa Kolandoto iulizie kanisa la AIC (Africa Inland Church).

Nyumba ya mtu binafsi mjini, isiyo ya serikali wala ya kampuni, njia yake ni halmashauri. Hapo usiende mikono mitupu. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, na kama kiwanja kiliwahi kupimwa upya, chukua namba ya zamani na mpya zote mbili, kwa sababu jalada la 1964 halijui namba ya 1998. Chukua jina la mmiliki wa kwanza jinsi lilivyoandikwa wakati ule, makosa na yote. Chukua kitambulisho, na kama mmiliki amefariki, barua ya usimamizi wa mirathi. Ukiwa na wasiwasi juu ya nani alimiliki lini, omba kwanza upekuzi kwa Msajili wa Hati. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi, hivyo mtu wa Shinyanga halazimiki tena kufunga safari kwa kila jambo.

Ukifika, nenda masjala kabla ya kwenda kwa mkubwa. Mtunza kumbukumbu aliyekaa pale miaka ishirini ndiye anayejua kwamba majalada ya “M” yalihamishiwa chumba cha nyuma mwaka paa lilipovuja. Msalimie vizuri, mweleze unachotafuta na kwa nini, mpe muda. Kisha uliza idara tatu, siyo moja: mipango miji, uhandisi na afya. Hiyo ya tatu watu huisahau. Zamani ramani haikupita mpaka Bwana Afya aridhike na choo, madirisha na maji machafu, na nakala yenye muhuri wake ilibaki kwake. Nimesikia za watu waliokosa kila mahali wakapata kwa Bwana Afya, na ndiyo maana nalitaja kwa mkazo.

Ukizungushwa, andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua fupi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko safari kumi za maneno. Jibu la “haipo” kwa maandishi nalo lina thamani, litunze. Na kama kuna ada, lipa kwa kontroo namba upewe risiti. Nje ya ofisi hizi hawakosekani vishoka watakaokuambia ramani yako “ipo, ila inahitaji kuchangamshwa”. Kuna hatari mbili hapo. Unaweza kuliwa fedha, au ukaletewa ramani mpya iliyozeeshwa kwa chai na muhuri wa kuchonga. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu fundi ataiamini na kuvunja ukuta usiovunjwa, na wewe utakuwa umeshika waraka wa kughushi.

Kwa nyumba za kabla ya uhuru, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo Mwanza kinachohifadhi kumbukumbu za Kanda ya Ziwa, na makao ya siku nyingi ya nyaraka ni Upanga, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Geita safari ya Mwanza imekuwa fupi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo nyumba ya 1955 haina kizuizi hicho. Nikuambie ukweli ili usivunjike moyo: usitarajie kukuta jalada lenye jina la babu yako. Utakuta majalada ya mji, ya viwanja, ya majengo ya serikali, ya madai na barua za Bwana Shauri, yaani mtawala wa wilaya enzi za ukoloni. Ramani huwa imekunjwa katikati ya barua inayozungumzia jambo jingine. Toa siku mbili, siyo saa mbili. Na kabla ya kutumia nauli ya kwenda au kuandika London, maliza Mwanza na Dar es Salaam. Majalada ya wizara ya makoloni kule Uingereza yanahusu sera na fedha, si jiko la nyumba ya mtaani.

Tuseme umeipata. Isiamini mara moja. Kwanza, ramani za kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida zimepimwa kwa futi na inchi. Kipimo cha nane ya inchi kwa futi moja ni sawa na 1 kwa 96. Fundi akiiwekea rula ya 1 kwa 100, ukuta wenye mita 9.6 atausoma mita 10, na bati litaagizwa la kuzidi. Soma namba zilizoandikwa, usipime karatasi, hasa kama ni fotokopi, kwani mashine hupunguza. Pili, tazama unene wa kuta: ukuta wa inchi 9 kwa kawaida ndio uliobeba, wa inchi 4 na nusu mara nyingi umegawa tu. Tatu, na hili ni zito, ramani inaonyesha kilichoidhinishwa, siyo lazima kilichojengwa. Fedha ziliisha, mwenye nyumba akabadili mawazo, fundi akahamisha mlango. Linganisha chumba kwa chumba. Kwenye kona ya nyumba, wakati wa kiangazi, chimba shimo dogo la kuchungulia upande wa nje, uone msingi kwa macho yako umefika wapi. Usichimbe chini yake wala usiliache shimo wazi mvua zikianza. Na kama karatasi inataja paa au dari la asbesto, usikubali mtu alikate kwa msumeno. Vumbi lake huharibu mapafu. Mwite mtaalamu.

Usipoipata baada ya yote hayo, iandike upya. Kazi hii haihitaji fedha nyingi: futi kamba ndefu, mpira wa maji wa kusawazishia, timazi, daftari na watu wawili wasio na haraka. Pima kila chumba urefu na upana, kisha pima pembe kwa pembe, maana nyumba za zamani ni chache zilizo mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 pembe zake zikikaa sawa kitakupa mita 5, na kisipokupa umejifunza jambo. Pima unene wa ukuta kila mlangoni. Panda darini uandike kenchi zimelala juu ya kuta zipi. Mwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye sinki, ufungue chemba uone yanatokea wapi. Piga picha kila ufa ukiwa umeweka rula pembeni, andika tarehe, rudia baada ya mvua. Mpelekee msanifu majengo aliyesajiliwa aichore vizuri na kuiwekea muhuri wake wa leo. Hiyo siyo ramani ya awali, isiitwe hivyo. Ni ramani ya nyumba ilivyo, na kwa kibali cha ukarabati itakusaidia vilevile.

Karatasi ya zamani usiipeleke kuwekewa plastiki ya moto, na usiitundike ukutani. Ramani ya bluu hufifia kwenye mwanga. Ikunjue taratibu, ipige picha ikiwa imelala, izungushe kwenye bomba safi lenye kifuniko, uiweke juu, mbali na sakafu na mchwa. Nakala moja mpe ndugu anayeishi mji mwingine. Nyingine ipeleke masjala ya halmashauri, uombe iwekwe kwenye jalada la kiwanja. Ofisi ikikuambia haikuwa nayo, sasa itakuwa nayo, na atakayekuja baada yako hatazunguka ulivyozunguka wewe.

Lakini kabla ya masjala, kabla ya Mwanza, kuna mtu mmoja wa kumwona. Kijana aliyebeba tofali kwenye nyumba ya 1958 akiwa na miaka kumi na mitano leo amepita themanini. Katika mtaa wako yupo, au yupo anayemjua. Mpelekee sukari, kaa naye nje ya nyumba ile, mwombe akuonyeshe kwa fimbo yake karo lilichimbwa wapi. Nenda wiki hii.